Kontra Chini ya Panga

Wiki nzima umekula, umelala, umekwenda soko, na panga bado liko shingoni mwa kijana yule.

Mwenye kulishika ni Mbambu, binti ya Mama Honorine, mwenye studio ya michezo ya telefone juu ya depo, ghala la vyakula, ya mama yake hapa Kampemba, Lubumbashi. Mwenye kushikiwa amelala chali kati ya magunia ya unga. Kiatu chake kimoja kimebaki juu ya ukuta alioruka. Emery, mwenzake Mbambu wa studio, ameegemea nguzo, bega limefungwa kitambaa kilicholowa damu. Na kule nyuma, juu ya godoro, yuko Mama Honorine mwenyewe, mguu umevunjika, hawezi kusimama.

Kwa sababu ya mguu ule Mbambu hajatoka. Angetoka siku ile gereza lilipovunjwa na askari wakatupa magwanda yao mferejini. Wengine walitoka. Yeye alimtazama mama yake, akafunga geti kwa ndani.

Nje ya geti ni watu wa Kapya, mkuu wa waporaji.

"Usimukate kwanza," Emery akasema. "Njo ule Chadrack."

"Minajua njo ule," Mbambu akajibu. "Juu ya ile minamushika."

Chadrack hakusogea. Alikuwa anatazama mabati ya juu, macho yamemtoka, kama mtu anayesubiri mvua.

Ikiwa leo ndiyo mara yako ya kwanza kufungua ukurasa huu, sikia. Studio ya Mbambu ilitoa mchezo mmoja unaoitwa Njia ya Mokambo. Unapakia kamyo Lubumbashi, unaipeleka mpaka wa Zambia, unakwepa mashimo na wenye kuomba-omba barabarani. Watu waliupenda kiasi. Kisha Chadrack, kijana ambaye hakuna aliyemtuma, akaufungua mchezo ule kwa ndani bila kubisha hodi, akatia kiongezo chake. Akakiita Moto wa Kampemba.

Ndani ya kiongezo kamyo haiendeshwi, inaporwa. Mabalabala, barabara za mtaa, ni yaleyale tunayopita kila siku. Depo ni zilezile, na milango yake na makomeo yake. Kila siku depo moja inashika moto mwekundu kwenye ramani, na wachezaji wote wanaikimbilia. Anayefika mbele anabeba mzigo mnono. Mwezi haukuisha, hakuna mtu aliyetaka tena mchezo wa Mbambu bila kiongezo cha Chadrack.

Hapo ndipo ugomvi wa studio ulipoanza. Emery alisema wamwingize kazini. Kijana anajua wachezaji wanataka nini kuliko sisi, alisema, na tusipomchukua sisi atachukuliwa na mwingine. Mbambu akakataa. Kwa watu wake, wafanyabiashara waliotoka Butembo, kule Kivu, na kamyo za bidhaa, mtu wa kazi analetwa na mjomba, au na mchungaji, au na jirani mwenye kumjua baba yake. Haingii kwa dirisha. Huyu ameingia kwa dirisha, akahamisha viti vyetu, na sasa tumpe funguo? Shabiki abaki shabiki. Anafanya kinachomfurahisha, siku ya kufanya kisichomfurahisha utamwona?

Chadrack alikuja mwenyewe kuomba. Akakalishwa benchi ya geti mpaka jua likazama. Akarudi tena, sentinele, mlinzi wa geti, akaambiwa amwondoe.

Emery hakukosea. Chadrack alichukuliwa na mwingine. Mji ulipoanguka, Kapya akashuka na watu wake kutoka mbali, watu wasiojua Kampemba inaanzia wapi. Kapya hakutafuta mwenyeji wa kumwonyesha depo. Alifungua telefone. Kisha akamtafuta mwenye kiongezo, akamkalisha ndani ya kamyo na bunduki ubavuni, na kila asubuhi akamwambia moto uwake wapi.

"Moto ya leo iko wapi?" Mbambu akauliza.

"Iko hapa, Yaya," Chadrack akajibu, akimwita kama dada mkubwa.

"Nani aliiweka?"

"Miye."

Panga likashuka kidogo. Uzi mwembamba wa damu ukatembea mpaka kwenye kola ya shati.

"Niliiweka, kisha nikakimbia," Chadrack akasema. "Yaya Mbambu, niache nisimame. Filimbi inakuya."

Na filimbi ikalia.

"Ile ni ya dirisha," akasema haraka. "Dirisha ya nyuma, ile ya kupitishia bintu. Batatia mukono kufungua komeo."

Mbambu hakungoja kuamini. Alikimbia kati ya magunia mpaka nyuma. Kwenye dirisha la chuma, katikati ya nondo, mkono ulikuwa umekwisha kuingia, unapapasa komeo taratibu, kama mkono wa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Chini yake mdomo wa bunduki ulikuwa unachungulia.

Akakata.

Vidole vikaanguka ndani ya gunia la maharagi lililo wazi. Nje mtu akapiga ukelele mrefu, na bunduki ikatapika bila kulenga. Risasi zikapasua magunia ya juu. Unga ukamwagika, ukapanda hewani, depo yote ikawa nyeupe. Mbambu akajibanza ukutani mpaka bunduki ikanyamaza, kisha akarudi anakohoa, uso mweupe kama wa mfu, mkono mmoja mwekundu mpaka kiwiko.

"Ulijua namna gani?"

"Njo miye nilibafundishaka." Chadrack alikuwa amesimama sasa, ameinua mikono miwili. "Mu jeu, mu muchezo yangu, iko filimbi tatu. Ya kwanza ni dirisha. Ya pili banapita ku mabati, ku pembe ile, pale hapana misumari. Ya tatu kamyo inapiga geti."

Emery akauliza kama hakuna ya nne.

"Kisha ya tatu banagawana."

Mbambu alitazama pembe ile ya juu. Ni kweli, misumari ilikwisha tangu mvua za mwaka jana, na hakuna mtu aliyejua ila yeye na fundi. Akamuuliza alionea wapi. Chadrack akasema alihesabiwa shabiki lakini benchi ya geti inaonyesha bati zote za depo hii, na alikalishwa pale muda mrefu.

Mbambu alishika baramini, ile nondo nzito ya kuchimbia mawe ambayo baba yake Emery aliiacha alipotoka mgodini. Chadrack akaomba apewe kitu mkononi naye. Hakupewa.

Filimbi ya pili.

Bati likakunjuka kwa kelele, jua likaingia, na mtu akaruka. Alitua juu ya magunia kama paka. Kijana mwembamba, kitambaa chekundu kichwani, panga jipya mkononi. Akapangusa unga machoni, akamwona Chadrack. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Eh, Grand Chadrack. Umefika mbele?"

Huyu alikuwa Mulenga. Ndani ya mchezo hakuna aliyemzidi. Jina lake lilikaa juu ya majina yote tangu siku ya kwanza. Alimpigia Chadrack mguu kwa heshima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Kisha akaona godoro, akaona Mama Honorine, akaona cheni ndogo shingoni mwake.

"Bamama ba Kivu banalala juu ya chakula ya bantu," akasema, na akaenda. Hakukimbia. Alitembea tu, panga likiinuka.

Mbambu alikuwa mbali. Tundu lilikuwa limejaa miguu ya mtu wa pili, na akiacha baramini ile mtu wa pili ataingia. Akapiga juu kwa nguvu zake zote, nondo ikapenya, miguu ikarudi ilikotoka na mwili ukabingirika juu ya mabati mpaka ukadondoka nje. Akageuka. Alijua amechelewa.

Chadrack alikuwa ameokota jiwe la mizani. Akampiga Mulenga nyuma ya kichwa.

Mulenga akapiga magoti. Akageuza shingo, amtazame mwenye kumpiga. "Juu ya nini, Grand?" akauliza, na ilikuwa swali la kweli, alitaka kujua.

Chadrack akampiga mara ya pili. Mulenga hakuuliza tena.

Vumbi la unga likatua. Mama Honorine alivuta kitenge chake, akakitupa juu ya uso wa maiti, maana maiti ilikuwa imelala karibu kabisa na mkono wake.

"Mama yake ni nani?" akauliza.

"Sijui, Mama." Chadrack aliweka jiwe chini. "Minajua paka jina yake ya mu jeu, ile tu."

Nje, Kapya alikuwa anatoa amri. Walisikia mawe yakipakiwa ndani ya kamyo, moja juu ya jingine, ili iwe nzito ya kuvunjia geti. Walisikia pia vicheko. Watu wale walikuwa wanajua mchezo unaishaje.

Emery akajikokota mpaka kwenye kidirisha cha mbele, akachungulia, akarudi. Kamyo inageuzwa, alisema. Inabaki kidogo. Kisha akamgeukia Chadrack na kumwambia kitu ambacho wote watatu walikuwa wamekwisha kukifikiri: ahamishe moto. Auweke kwingine, mbali, na watu wale wataufuata. Emery mwenyewe alijaribu usiku na mchana kukizima kiongezo kutoka studio akashindwa. Tulimfungia mlango wetu, alimwambia Mbambu, akajijengea wake, na code iko ndani ya kichwa chake peke yake.

"Ninaweza," Chadrack akasema. Akatoa telefone, kioo kimepasuka kona mbili. Akaishika, lakini kidole hakikugusa. "Muniingize kazi kwanza."

Mbambu alidhani amesikia vibaya. "Kamyo iko pa geti."

"Minaiona."

"Mama yangu hawezi kutembea. Na weye unaniomba kazi?"

"Niliomba siku geti ilikuwa nzima. Ulinifukuzisha na sentinele." Hakupandisha sauti. "Kapya hakuniuliza diplome, Yaya. Hakuniuliza baba yangu ni nani. Alisema, mutoto, uko na akili, panda mu kamyo. Muntu wa kwanza kunipatia kazi mu mji huu ni ule."

Panga likapanda tena. Safari hii Mbambu alilishika kwa mikono miwili, na Emery akaita jina lake, akaliita tena, hakusikia. Chadrack hakurudi nyuma. Alisema tu, kwa haraka, kwamba hatafuti cheo wala kiti. Vita hii itaisha. Siku itakapoisha, watu wa Kampemba watatafuta nani alikuwa anaonyesha depo, na wataleta tairi na petroli wamchome. Akihamisha moto leo kama shabiki, nani atamsemea? Atabaki mtoto wa Kapya. Lakini akihamisha kama mtu wa studio, basi kuna nyumba nyuma yake, na mtu wa kusimama mlangoni aseme: huyu ni wetu.

"Sema mbele ya mama," akamaliza. "Sitaki kartasi."

Mbambu akageuka kumtazama mama yake. Mama Honorine alikuwa amefuta damu ya Mulenga mkononi kwa unga, kama anavyofuta mafuta.

"Ameua muntu juu ya kuniokoa," akasema mama. "Utamuita mugeni mpaka wakati gani?"

Nje injini ya kamyo ikaguruma.

Mbambu aliweka panga chini. Akasema, kwa sauti ile wafanyabiashara wa kwao wanayosema nayo mbele ya mashahidi, polepole, ili pasiwe na ubishi kesho: "Chadrack. Kuanzia leo unatumika kazi mu studio yangu. Bakiuliza patronne wako ni nani, taja Mbambu."

"Na kiongezo?"

"Kiongezo ni ya studio. Yote ulifanya mule, muzuri na mubaya, ni ya studio. Sasa fanya."

"Ndiyo, patronne."

Yaya akawa patronne, mkuu wa kazi, pale pale, kamyo ikikanyaga mafuta. Kidole cha gumba kikaruka juu ya kioo kilichopasuka. Filimbi ya tatu ikaanza kulia, nyembamba, ndefu.

Ikakatika katikati.

Telefone zote nje zililia kwa mara moja, mlio ule wa kiongezo ambao sasa kila mtoto wa Kampemba anaukimbia. Kukawa na kimya cha watu wanaosoma. Kisha sauti moja: moto umehama. Sauti ya pili, ya kumi. Pikipiki zikawashwa. Mbambu alichungulia, akaona watu wakirukia vyombo vyao, wakisukumana, mmoja akimkanyaga mwenzake aliyeanguka, kwa maana anayefika mbele ndiye anayebeba mnono.

Kapya alisimama juu ya kamyo, shati wazi, bastola mkononi. Akawaita warudi. Akampiga risasi mmoja mgongoni, pale pale, pikipiki ikaenda peke yake mpaka ukutani. Waliobaki hawakugeuza hata kichwa. Msomaji, Kapya alikuwa anajiita jemadari, lakini lile halikuwa jeshi. Walikuwa wachezaji. Akatukana, akaingia ndani ya kamyo, akawafuata watu wake kama mchungaji anayefuata mbuzi walioona mihogo.

Balabala ikabaki tupu. Emery alicheka mpaka bega likamrudisha chini. Akamuuliza Mbambu kama bado shabiki abaki shabiki. Mbambu akamwambia afunge mdomo wake, na yeye mwenyewe alikuwa karibu kucheka, machozi yakichora mistari kwenye unga wa mashavu. Akaanza kuvunja ubao wa rafu, wafanye kitanda cha kumbebea mama. Wapite nyuma, wakate kwa mfereji, wafike kwa ndugu zake Emery, kule hakuna depo. Alimtuma Chadrack kutafuta kamba. Kijana akakimbia kuitafuta. Kazi yake ya kwanza.

Mama Honorine ndiye aliyeuliza.

"Umebapeleka wapi, mutoto wangu?"

"Ku hangar ya buluu, Mama, ile nyumba kubwa kule nyuma ya soko." Chadrack alikuwa anafunga kamba, amefurahi kueleza. "Kule hapana muntu. Niliandikaka balabala ile siku ya Mungu, kila siku ya Mungu, juu njo siku balabala iko tupu. Hata mara moja sikuona mulango wazi. Paka munyororo na kufuli tu. Nikaitia mu jeu kama depo ya bure. Batavunja, batakuta hewa."

Mama alijiinua kwa kiwiko. Kisha:

"Leo ni siku gani?"

Emery akataja Alhamisi, bila kuwa na hakika. Mbambu akasimama na ubao mkononi. Hakujua. Tangu geti lifungwe, siku zilikuwa zimeshikana kama mikate iliyolowa. Alikumbuka tu kwamba jana jua lilipozama mama alikataza mbabula, jiko la makaa, isiwashwe, alikataa kupika, na yeye akadhani ni maumivu ya mguu.

"Ni Sabato," mama akasema.

Hangar ya buluu haikuwa hangar. Ilikuwa kanisa la watu wa Mama Honorine, wale wanaosali siku ya posho, Jumamosi, na siku ya Mungu, yaani Jumapili, wakati Kampemba yote iko kanisani, wao wanafunga mnyororo na kwenda kazini. Ubao wa jina ulibebwa na upepo, hawajaweka mwingine. Kijana aliyezaliwa mtaa ambao kila mtu anasali siku moja ameona nyumba kubwa imefungwa siku hiyo, ameandika: depo. Nani angemkosoa? Mbambu angeweza. Alicheza kiongezo kile usiku mwingi kwa siri, akitafuta kasoro za kumcheka, na hakuwahi kufika balabala ile, maana hata kanisani alikuwa ameacha kwenda.

Na leo mle ndani kulikuwa na watu. Wanawake wa sokoni, watoto wao, wazee wasio na geti la kufunga. Walikimbilia huko kwa sababu moja: nani atapora mabenchi?

"Toa moto," Mbambu akasema.

Chadrack alikuwa amekwisha kushika telefone. Uso wake umekauka. "Haitoki, patronne. Inahama paka tu. Na haikai pa depo yenye bamekwisha kupora. Zote bamepora." Akaonyesha kioo. "Inabaki mbili. Ile na hii."

Kutoka upande wa soko risasi ya kwanza ikasikika. Kisha tatu pamoja.

Emery akaanza kusema. Alisema wanachukua mama na wanaenda sasa hivi, kitanda kiko tayari, hakuna mtu duniani atakayewahukumu. Alisema kosa ni la Chadrack. Akanyamaza mwenyewe, maana alikuwa shahidi, alisikia kwa masikio yake kiongezo ni cha nani.

Mbambu alimtazama mama yake amsaidie. Amwambie rudisha, au amwambie usirudishe, lolote. Mama Honorine alikuwa anavuta mguu wake mbaya kwa mikono miwili, akijikalisha wima, na jasho linamtoka.

"Hapana kuniangalia miye," akasema. "Weye njo patronne."

Risasi nyingine. Kisha kitu kizito kikigonga mlango wa mbao, mbali, pu, pu.

"Rudisha moto hapa," Mbambu akasema.

"Batakuya na kamyo, patronne. Ya mawe."

"Nimesikia. Rudisha."

Chadrack aligusa. Mlio ule ukalia kwenye telefone yake, na kama upepo unavyobeba, wakausikia ukilia pia kule nyuma ya soko, mdogo, mwingi. Kugonga kukakoma. Pikipiki zikaanza kuwaka.

Emery akashika baramini kwa mkono mzima. Mbambu akaanza kumburuta mama na godoro lake kuelekea dirisha la nyuma; ikiwa wanarudi kwa geti, labda kuna nafasi, ndogo, ya kumtoa huku. Chadrack akashika upande wa pili. Walikuwa wamefika katikati ya depo telefone ikalia tena. Safari hii haukuwa mlio wa kiongezo. Mtu alikuwa anapiga.

Chadrack aliona jina, akaiacha ianguke juu ya godoro. Mama Honorine ndiye aliyebonyeza.

"Chadrack, mutoto wangu," sauti ya Kapya ikasema, tulivu, kama mtu anayeuliza habari ya nyumbani. "Moto yako leo inaruka kama panzi. Bantu bangu banachoka. Niambie kintu moja tu. Leo unatumika kwa nani?"

Chadrack akamtazama Mbambu.

Mbambu akaokota telefone.

"Anatumika kwangu."

Nyuma ya Kapya kulikuwa na sauti nyingine, nyingi, za wanawake, na mtoto mmoja anayelia bila kupumua. Injini ya kamyo ilikuwa inanguruma karibu nazo mno.

"Aa. Mwenye studio," Kapya akasema. "Muzuri tufahamiane, patronne mwenzangu. Miye niliwahi kuingia kabla moto kurudi. Nimekuta bantu bamevaa nguo safi. Banasema banamujua mama yako." Akacheka kidogo. "Ninakuya na kamyo, usiogope, ninakuya. Lakini mawe nimeyashusha. Nimefunga bale mbele, pa mabumpa, bashike njia. Fungua geti weye mwenyewe, ao kamyo itaifungua na bale bantu."

Ikakatika.

Emery aliuliza amesema nini. Mbambu akaelekeza kidole kwenye geti. Kule mwisho wa balabala kamyo ilikuwa imeingia gia, na juu ya injini zilisikika zile sauti za wanawake, sasa zikiita majina.

Akatazama chini. Mama Honorine alikuwa amekwisha kunyosha mkono, na kiganjani, kwenye kamba ya shanga anayoivaa kiunoni, kulikuwa na ufunguo wa geti.